Banda la Mchoro Namba Saba

Bwana Tabani Mkwizu alikosa mambo kadhaa, na mwenyewe aliyajua yote kwa mpangilio. Alikosa meno mawili ya mbele, aliyoyaacha kwenye usukani wa lori la Wizara ya Maji siku breki zilipogoma mteremkoni. Alikosa cheti cha shule ya mchana, ingawa vyeti vya masomo ya jioni alikuwa navyo vitatu, vimewekewa vioo na kutundikwa sebuleni kimoja baada ya kingine. Alikosa mjomba serikalini. Alikosa uvumilivu kwa watu wanaosema "nadhani" juu ya jambo linaloweza kupimwa kwa futi. Mvi alizikosa kwa sababu alikosa nywele. Na tangu Jumanne moja ya mwezi wa tatu, saa nne asubuhi, baada ya wimbo wa taifa redioni, alikosa banda la gari.

Hadi Jumatatu iliyotangulia hakujua kwamba amelikosa. Gari lake, pikapu ya rangi ya udongo aliyopewa na Wizara alipostaafu, lilikuwa linalala nje miaka saba bila kumdhuru mtu. Kuku walitagia kwenye bodi yake, na mkewe, Bi Asteria, alianikia mihogo juu ya boneti. Lakini siku chache kabla ya Jumanne hiyo Mlezi Mkuu wa Taifa alipita barabara kuu kukagua miti iliyopandwa jana yake, akaona uso wake kwenye kioo cha pembeni cha gari lililoegeshwa. Uso ule ulikuwa mzee kuliko ule wa kwenye picha za ofisini. Mlezi Mkuu hakukasirika. Aliuliza tu, kwa upole, kwa nini magari yanamwangalia.

Wataalamu wakakaa siku mbili. Walithibitisha kuwa gari lililosimama lina vioo vitatu hadi vitano, halina kazi ya kufanya, na kwa hiyo linaangalia. Jumanne ikatoka redioni Amri ya Vioo: kila gari lisilotembea liwe ndani ya banda, nyumbani kwa mwenyewe, kabla ya siku sitini. Mwenye gari asiye na banda atahesabiwa kuwa ameweka macho barabarani.

Sisi tunaosikia habari hizi tukiwa mbali tunaweza kucheka. Wao hawakucheka. Yule wa mwisho kucheka, kinyozi mmoja wa mjini, mama yake alikuwa bado anamtafuta.

*

Idara ya Majengo Madogo ilikuwa kwenye jengo kubwa sana. Afisa wake, Bwana Kisavile, alikuwa mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alikuwa na desturi ya kufuta kiti kwa kitambaa chake mwenyewe kabla ya mgeni kukaa.

"Karibu, mzee wangu. Umekuja kuomba, kulalamika au kushukuru?"

"Kuomba."

"Vizuri. Dirisha la kulalamika limezibwa, na foleni ya kushukuru ni ndefu."

Mkwizu akatoa mchoro wake. Alikuwa ameuchora kwa penseli na rula, kwa vipimo, ukiwa na madirisha mawili na mlango mpana wa mbao. Kisavile aliutazama kwa muda mrefu, na macho yake yakawa kama ya mtu anayetazama picha ya harusi yake.

"Umesomea wapi, mzee?"

"Masomo ya jioni."

"Inaonekana. Wa mchana hawachori hivi." Akaukunja, akauweka kwenye droo, akafunga droo kwa ufunguo. "Lakini mchoro wa raia ni maoni. Mchoro wa serikali ndio mchoro. Tulikuwa nayo saba ya mabanda. Sita imeliwa na panya."

"Na wa saba?"

"Wa saba hawakuugusa."

Aliutandaza mezani. Ulikuwa mchoro wa chumba cha hatua sita kwa nne, ukuta mnene, zege juu badala ya bati, mlango mmoja wa chuma wenye komeo kwa nje na kitundu chenye kifuniko chini. Dirisha halikuwepo. Katikati ya sakafu kulikuwa na pete ya chuma.

"Pete hii ni ya nini?" Mkwizu aliuliza.

"Ya kufungia gari."

"Gari lina breki ya mkono."

"Breki ya mkono iko ndani ya gari, mzee wangu. Serikali haiwezi kutegemea nia njema ya gari."

Mkwizu alitaka kusema jambo. Kisavile akavua miwani, akaifuta, na akiwa haoni vizuri akasema polepole, "Wengine walijenga kwa maoni yao. Sasa wana mabanda mazuri, ila wenyewe hawapo kuyatumia." Kisha akavaa miwani na kugonga mhuri.

*

Ujenzi ulianza Alhamisi. Mkwizu alikata shauri kujenga kwa mikono yake, ila alimwita Fundi Lubasha, mwashi aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwake, aje kupanga matofali na kusahihisha pale macho yatakapokosea. Lubasha alikuwa mtu mwembamba, mrefu, mwenye mdomo usiojua mapumziko. Walipima usawa wa msingi kwa mpira mwembamba wenye maji, mmoja ameshika ncha huku, mwingine kule.

"Shusha kidogo," Mkwizu akasema.

"Nikishusha, mzee, maji yatanimwagikia."

"Kidogo, nimesema. Kidogo kina kipimo chake."

"Kipimo gani?"

"Unene wa kiberiti."

"Cha kulala au cha kusimama?"

Wakabishana hivyo siku nzima. Walibishana juu ya mchanga, kama ndoo ni tatu au nne kwa moja ya saruji. Walibishana juu ya timazi, Mkwizu akisema kamba yake imechoka na Lubasha akisema uzito haujui kuchoka. Bi Asteria aliwaletea uji, akasema kwamba kwa kelele zile ukuta ungesimama wenyewe ili wanyamaze.

Ukuta ulipofika kiunoni, Lubasha aliutazama mchoro tena, akakuna shingo kwa mwiko.

"Mzee, mimi nimejenga stoo, nimejenga vyoo, nimejenga kaburi la mheshimiwa mmoja kabla hajafa, akaja kulijaribu kwa kulala ndani na viatu. Lakini sijajenga banda ambalo gari likishaingia huwezi hata kulisikia likipiga honi."

"Fuata mchoro."

"Naufuata. Ukiniambia nianze na paa, nitaanza na paa. Ila mtu akiniuliza hiki ni nini, nisiseme?"

"Usiseme."

"Basi nitaimba." Na akaimba, wimbo wa harusi, kwa maneno aliyoyatunga mwenyewe juu ya bibi harusi aliyeolewa na sanduku.

Ukuta ulipopita kichwani, Mkwizu alisimama katikati ya kile chumba, akatazama juu, na kitu kikamrudia. Cheti chake cha pili kilikuwa cha ufundi wa magari, hatua ya kwanza, na somo la sita lilikuwa la moshi. Lakini hakulijua kwa kusoma tu. Mwenzake kazini, dereva aliyeitwa Mhando, aliwasha lori ndani ya stoo ya Wizara asubuhi ya baridi, akafunga mlango ili apate joto. Walipomkuta alikuwa amekufa, amekaa vizuri, mikono kwenye usukani, rangi ya mdomo kama ya mtu aliyekula matunda mekundu.

"Hapa nyuma," akasema, "karibu na juu, acha matofali matatu usiyaweke."

Lubasha akageuka. "Mchoro hauna tundu."

"Mchoro hauvuti pumzi."

"Hilo umelisema wewe, mzee, si mimi."

"Nimelisema mimi," Mkwizu akasema, kwa sauti ya mtu mwenye vyeti vitatu. "Acha matatu."

Lubasha akaacha matatu. Zege la juu lilipomwagwa, ndani ya banda ukaingia mshale mdogo wa jua, ukatua juu ya pete ya chuma.

*

Siku ya ufunguzi alikuja Mkuu wa Wilaya mwenyewe, maana lilikuwa banda la kwanza wilayani kujengwa kwa Mchoro Namba Saba kwa nguvu za raia. Alikuja na tarumbeta moja na watu wa kupiga makofi, waliogawiwa mahali pa kusimama kwa chokaa. Mtaa mzima ulitolewa nje. Mkuu wa Wilaya akapanda juu ya kreti ya soda.

"Ndugu wananchi," akasema. "Wapo wanaouliza, banda ni nini? Swali hilo ni la kigeni. Sisi tunauliza, gari ni nani? Gari ni mgeni. Mgeni asiye na chumba huzunguka nyumba ya watu na kuchungulia. Leo Mzee Mkwizu amempa mgeni chumba. Leo wilaya imepiga hatua moja mbele, na jirani zetu wakisimama tulivyosimama, itaonekana tumepiga mbili. Nasema, kila nyumba iwe na banda, kila banda liwe na mlango, na kila mlango ujue unafungwa upande gani."

Makofi yakapigwa pale palipokuwa na chokaa.

Ikafuata shughuli iitwayo Ukaguzi wa Giza. Mkuu wa Wilaya na Afisa Kisavile waliingia ndani, mlango ukafungwa, watu wakahesabu hadi ishirini kwa sauti. Mlango ulipofunguliwa, Mkuu wa Wilaya alitoka akiwa ameshika paji la uso, kama mtu aliyerushiwa jiwe.

"Mwanga umenipiga," akasema. "Kuna mwanga humu ndani. Nani ametoboa ukuta?"

Mkwizu alikuwa amevaa koti lake la kupokelea vyeti. Alifungua mdomo, na sentensi ilikuwa tayari kabisa, yenye kiima na kiarifu: *Tundu lile ni agizo langu, mheshimiwa, kwa sababu za kitaalamu.* Lakini ulimi ulikaa pale palipokosa meno, ukakataa kuondoka. Akafanya jambo dogo tu, dogo kuliko unene wa kiberiti. Akamtazama Lubasha.

Lubasha naye alikuwa anamtazama yeye. Alisubiri, kama mtu anavyosubiri mwenzake amalize kutafuna ndipo aseme. Alipoona hapana kinachokuja, akajikohoza.

"Matofali niliyapanga mimi, mheshimiwa. Na yale ambayo hayapo, asiyeyaweka ni mimi."

Hata mmoja hakucheka. Kisavile akaandika kosa kwenye daftari: kuingiza hewa na mwanga katika jengo bila kibali. Lubasha akashikwa mikono na watu wawili wapole. Mkuu wa Wilaya akataka tundu lizibwe papo hapo, ili shughuli isiharibike, na kwa kuwa mwashi hakuwa tena na nafasi, mwiko akapewa Mkwizu.

Akaliziba. Akayapanga matofali matatu mbele ya umati, akasawazisha saruji, akafuta mabaki kwa kidole. Alitaka kazi ile iwe mbaya, lakini mikono yake haikujua namna ya kufanya kazi mbaya. Mkuu wa Wilaya akamsifu kwa unadhifu.

*

Mahabusu ya wilaya ilikuwa imejaa wenye magari waliochelewa kujenga. Afisa Kisavile akafungua kitabu cha sheria na kukuta kwamba jengo lolote la Mchoro Namba Saba, popote lilipo, ni hifadhi ya serikali. Hivyo Lubasha hakupelekwa mbali. Kutoka jikoni kwa Bi Asteria, alikokuwa ameshikiliwa, alipelekwa hatua arobaini, akaingizwa ndani ya banda alilolijenga, komeo likateremshwa. Yote yalifanyika saa tano asubuhi, maana katika nchi ile serikali haikufanya jambo lolote nje ya saa za kazi.

Ikabaki shida ya karatasi. Jengo lilikuwa limesajiliwa kuwa banda la gari, na katika banda la gari fomu inayoruhusiwa ni moja tu, Fomu ya Kupokea Gari. Kisavile alikaa kwenye kigoda cha Bi Asteria, akaijaza kwa wino, bila kuruka mstari.

"Aina," akasoma.

"Lubasha," Mkwizu akajibu, kwa kuwa hakujua jibu jingine.

"Rangi?"

"Maji ya kunde."

"Idadi ya viti?"

Kisavile akachovya kalamu tena.

"Nitaandika kimoja," Kisavile akasema. "Kasoro?"

"Ana kikohozi kidogo. Vumbi la saruji."

"Injini inakohoa," akaandika. "Na hapa, mzee wangu, weka sahihi yako. Wewe ndiye mlinzi wa banda. Gari likiharibika, utaulizwa."

"Na gari langu?"

Pikapu ilikuwa bado nje, chini ya mihogo. Kisavile akaifikiria kwa dhati. Siku ya pili akaleta Kibali cha Kufumba Macho, chenye mihuri miwili, kilichoruhusu gari kubaki nje mradi vioo vyake vivalishwe soksi. Bi Asteria akatoa soksi za mumewe, mbili za kijivu za pembeni. Kwa kile cha ndani alitumia kofia ya kulalia.

*

Kanuni za utunzaji zilibandikwa mlangoni. Gari lipewe maji kila asubuhi. Lipewe grisi mara moja kwa wiki. Lisizungumzwe nalo. Askari mmoja wa umri wa kuwa na wajukuu aliwekwa kwenye kiti hapo mlangoni, akiwa na ufunguo shingoni.

Bi Asteria alizisoma kanuni zile mara mbili, kisha akaenda jikoni. Alichukua kopo la grisi, akaliosha kwa majivu na maji ya moto, akajaza ugali na maharage, akafunika.

"Grisi ya gari, afande."

Askari akafunua, akachovya kidole, akalamba. "Grisi hii ina chumvi."

"Gari lenyewe la zamani."

"Imezidi pilipili." Akafungua kifuniko kidogo cha chini ya mlango, akalisukuma kopo ndani. "Na kanuni inasema mara moja kwa wiki, mama."

"Hii ni ya wiki hii. Ile ya jana ilikuwa ya wiki iliyopita."

Askari akatafakari, akaona hesabu hiyo haina tatizo.

Mchana, askari alipolala, Mkwizu alikuwa akienda nyuma ya banda na kuweka mdomo kwenye ukuta, pale saruji ilipokuwa na rangi tofauti. Ilimbidi apande juu ya ndoo.

"Lubasha."

"Honi," sauti ikajibu kutoka ndani, ndogo kama inatoka kwenye chupa.

"Uko vipi?"

"Naisifu kazi, mzee. Hakuna ufa. Nimepapasa kuta zote nne, sijapata hata mahali pa kupitisha ukucha. Ningekuwa na wateja humu ningewaonyesha." Akakohoa. Kikohozi kiliendelea muda, kikaisha, kikaanza tena. "Pete ile nilikuwa naidharau. Kumbe inafaa. Nimefungwa hapo kwa mnyororo mrefu."

"Lubasha, siku ile..."

"Usiongee juu ya ndoo, mzee. Utaanguka."

Hakutaka kumsikia, au alimwonea huruma. Mkwizu hakujua kati ya hayo mawili lipi baya zaidi.

Siku ya tisa akaja mke wa Lubasha, Mama Nyamizi. Alisimama getini akiwa amejifunga khanga mbili, na shati safi la mumewe mkononi, limepigwa pasi. Askari alikuwa macho, akisikiliza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimeambiwa mjini hawamjui. Kila ofisi wanasema hayumo kwenye orodha ya watu. Majirani wanasema yuko kwako." Sauti yake haikupanda. "Nakuuliza wewe kwa kuwa wewe hujui kusema uongo. Mume wangu yumo humu?"

Mkwizu akamtazama askari, akaitazama fomu iliyobandikwa mlangoni, yenye sahihi yake safi iliyoinamia kulia.

"Humu," akasema, "kuna gari."

Mama Nyamizi akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayepokea risiti. Akaliweka lile shati juu ya ukuta wa geti, akalilainisha mkunjo, akaondoka. Kutoka ndani ya banda kilisikika kikohozi. Ukuta ule mnene ulikuwa umeanza kushindwa nacho.

*

Wiki ya nne kikohozi kikapungua. Askari akafurahi kwamba gari limepona. Mkwizu, aliyemwona Mhando akitolewa kwenye stoo, hakufurahi. Alipopanda kwenye ndoo na kuita, "honi" ilichelewa kuja, na ilipokuja ilikuwa pumzi tu.

Alhamisi hiyo Kisavile alifika na karatasi.

"Jumanne lori linakuja kulichukua," akasema.

"Linampeleka wapi?"

"*Linalipeleka*, mzee wangu. Gari lisilodaiwa kwa siku thelathini hupelekwa kwenye vyuma chakavu. Siku thelathini zinaisha Jumatatu jioni."

"Huko kwenye vyuma chakavu wanafanya nini?"

Kisavile akavua miwani. Mkwizu alikuwa ameshajua kuwa mtu huyu alisema kweli pale tu alipokuwa haoni anayezungumza naye.

"Wanakata," akasema.

Bi Asteria, aliyekuwa anachambua mchele, akasimamisha ungo.

"Umesema lisilodaiwa," Mkwizu akasema. "Na likidaiwa?"

"Hakuna aliyewahi kudai."

"Sikuulizi kama yupo. Nauliza sheria inasemaje."

Afisa akafungua kitabu chake, na miwani bado iko mkononi. Ibara ile aliijua bila kuiona. "Mwenye gari akiandika barua kwa mkono wake, akataja gari lake, akatia sahihi mbele ya shahidi, na barua ikafika kwa njia ya posta kabla ya muda kwisha, gari litafunguliwa siku hiyo hiyo na kupelekwa anakotaka mwenyewe. Ni sheria nzuri. Wenzetu wa nje waliisifia." Akageuza ukurasa. "Ibara inayofuata inasema kasoro zote za gari, zilizopo na zitakazogunduliwa, zinahamia kwa mwenyewe. Ndiyo maana hawaandiki."

"Zinahamia vipi?"

"Banda haliwezi kukaa tupu, mzee wangu," Kisavile akasema, akavaa miwani, na kuanzia hapo akazungumzia mvua.

*

Ijumaa Mkwizu aliandika barua ya kwanza. Ilikuwa na kurasa nne. Ilianza na heshima na taadhima, ikapitia historia ya usafiri, ikanukuu hotuba ya Mkuu wa Wilaya, na kufika ukurasa wa tatu ilikuwa bado inaelekea kwenye jambo lenyewe. Akamsomea mkewe, amesimama, mkono mmoja nyuma.

Bi Asteria alisikiliza hadi mwisho.

"Mlezi Mkuu umemtaja mara tisa," akasema. "Lubasha mara moja. Hii ni barua ya mtu anayetaka cheti cha nne."

Aliichana, akaketi. Aliandika ya pili, ambayo ilieleza kwa nini alinyamaza siku ya ufunguzi: uchovu, jua, meno. Hiyo hakumsomea mtu. Aliitia motoni mwenyewe.

Jumamosi asubuhi akaandika ya tatu, na mwandiko wake, kwa mara ya kwanza tangu masomo ya jioni, haukunyooka.

*Kwa Idara ya Majengo Madogo. Mimi Tabani Mkwizu, dereva mstaafu, nadai gari lililomo katika banda la nyumbani kwangu, lililoandikwa aina ya Lubasha. Ni langu. Lipelekwe kwa Mama Nyamizi, nyumba ya tatu, ndiko linakolala siku zote. Tundu la ukutani niliagiza mimi. Nilikuwa na akili timamu. Niliulizwa mbele ya watu, nikanyamaza, na gari likajibu kwa niaba yangu. Kasoro hiyo iandikwe kwangu. Nipo nyumbani saa zote za kazi.*

Bi Asteria akaisoma mwenyewe safari hii, midomo ikitembea.

"Fupi," akasema.

"Nimepima."

"Wakija?"

"Watanikuta."

"Na mimi nitabaki na gari lenye soksi."

"Funguo zake ziko kwenye..."

"Funguo najua ziliko, baba. Ni wewe ambaye sitajua uko wapi."

Alitaka kumwambia kwamba atakuwa hatua arobaini tu kutoka jikoni kwake, ndani ya ukuta usio na ufa. Hakusema, kwa kuwa wote wawili walijua jinsi Lubasha alivyokuwa hatua arobaini kutoka kwao. Bi Asteria akaichukua kalamu, akatafuta chini ya karatasi pale palipoandikwa *shahidi*, akaandika jina lake lote, pamoja na la babu yake, ili asije akatafutwa mwanamke mwingine kwa makosa.

Mkwizu akaikunja karatasi mara tatu, akaitia kwenye bahasha. Alipoileta mdomoni ili kuilowesha gundi, mdomo ulikuwa mkavu kama saruji. Alijaribu mara mbili. Mkewe akampokonya, akailamba mwenyewe kwa mkupuo mmoja, akaikandamiza juu ya meza kwa kiganja, akaegemea uzito wake wote hapo kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji bahasha.

Posta ilifungwa saa sita. Mkwizu alifika saa tano na nusu, amevaa koti. Karani alipoinua uso alikuwa anatabasamu.

"Ya kawaida au rejesta, mzee?"

"Rejesta."

Karani akaivuta bahasha, akaisoma anwani, na mkono wake ukaiachia kama umeguswa na sufuria ya moto. Akatazama kushoto na kulia. Alisukuma mhuri na kidau cha wino kupitia dirishani, akageuka, akaanza kupanga upya kalenda ya ukutani.

Mkwizu akaulowesha mhuri, akaugonga kwenye kona ya bahasha, sawasawa, bila kuuyumbisha. Akausubiri wino ukauke. Kisha akaliendea gunia la barua za serikali, linalochukuliwa kila Jumatatu asubuhi, lililoning'inia kwenye msumari kando ya mlango, akaidumbukiza barua ndani, na akaisikia ikishuka mpaka chini, maana gunia lilikuwa tupu.